Parokia ya Bukumbi na makanisa ya pembezoni mwa Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wanarudia sana, kwenye jumuiya, kwenye magrupu ya WhatsApp ya koo, na hasa pale kijana anapotakiwa kuandika historia ya kigango chao kwa ajili ya jubilei na hajui aanzie wapi. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa mpaka yale ya mtu mmoja mmoja. Yamepewa namba ili kama jibu liko sehemu nyingine nikutume huko, nisirudie.

## Mambo ya mwanzo

1. Bukumbi iko wapi hasa? Ni Mwanza mjini au shamba?

Iko wilaya ya Misungwi, upande wa Ghuba ya Mwanza. Ukitoka mjini unapita Mkolani, Buhongwa, unafika Usagara, halafu unaacha barabara ya Shinyanga unashika ile ya Kigongo, ile ambayo zamani ilikuwa inaishia kwenye kivuko na tangu Juni 2025 inaendelea juu ya daraja hadi Busisi. Kwa hiyo kwa ramani ni Misungwi lakini kwa maisha ya kila siku ni pembezoni mwa jiji, watu wanaishi huko wanafanya kazi mjini, viwanja vinapimwa kila kona, na miaka si mingi hutaona tofauti.

Ila wakati misheni inaanza hapo hakukuwa na "mjini" pa kuwa pembezoni mwake. Boma la Wajerumani Mwanza ni la miaka ya 1890 na reli ilifika 1928. Bukumbi ilikuwa tayari ina misheni, ina watoto wanasoma, ina makaburi. Hilo naomba mtu alishike maana linabadilisha namna ya kusoma kila kitu kinachofuata, kwamba hapa parokia ndiyo kongwe na jiji ndilo lililokuja kuikuta.

2. Ilianza mwaka gani, 1878 au 1883? Kila mtu anasema lake.

Wote wako sawa, wanaongelea vitu viwili. Tarehe 30 Desemba 1878 msafara wa Mapadre Weupe (angalia swali la 4) ulifika Ziwa Victoria, sehemu inaitwa Kageye, ambayo leo ni wilaya ya Magu, upande wa Ghuba ya Speke. Walikuwa wametoka Bagamoyo Juni ya mwaka huo huo, wakafika Tabora, hapo wakagawana, kundi moja likaenda Ziwa Tanganyika na lingine likaja Nyanza likiongozwa na Padre Léon Livinhac. Lakini Kageye ilikuwa sehemu ya kupumzika na kutafuta mitumbwi ya kuvukia, safari yao ilikuwa Buganda, ufalme ulioko Uganda ya leo. Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans wakatangulia, wakafika huko Februari 1879.

Misheni ya kudumu upande huu wa kusini ndiyo Bukumbi, na hiyo ni 1883. Waliiita Mama Yetu wa Kamoga. Kwa hiyo ukiandika kwenye kitabu cha jubilei, sema 1878 ni kufika ziwani, 1883 ni kuanza kwa Bukumbi, usivichanganye.

3. Ndiyo kanisa la kwanza Tanzania?

Hapana. Bagamoyo imetangulia, Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza pale 1868. Bukumbi ni ya kwanza kwa huku kwetu, kusini mwa ziwa, na hiyo inatosha kabisa, hakuna haja ya kuongeza chumvi. Nimeona vijarida viwili vitatu vinaandika "kanisa la kwanza nchini" na watu wa Bagamoyo wakisoma hawatatuamini hata kwa yale ambayo ni kweli.

4. Hao Mapadre Weupe ni akina nani?

Ni shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, baadaye Kardinali. Jina rasmi ni Wamisionari wa Afrika, hilo lingine limetokana na kanzu nyeupe walizovaa kama za kule Afrika Kaskazini. Lavigerie aliwapa sheria ambazo ukizijua utaelewa kwa nini parokia zetu ziko hivi zilivyo. Padre asikae kituo peke yake, angalau wawe watatu. Wajifunze lugha ya watu haraka na waitumie. Kila kituo kiandike shajara (hii angalia swali la 16, ni muhimu sana). Na mtu asibatizwe haraka haraka, akae kwenye mafundisho miaka minne, miwili ya kuomba kuingia na miwili ya ukatekumeni. Miaka minne! Leo tukiambiwa mafundisho ni mwaka mmoja tunalalamika.

## Miaka ya misukosuko

5. Kama walikuwa wanaenda Buganda, kwa nini walirudi huku?

Kwa sababu ikulu ya Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa I haikuwa sehemu ya kutulia. Mutesa alikuwa anasikiliza Waarabu, Waanglikana na Wakatoliki wote kwa pamoja, kila upande una siasa zake, na kufikia Novemba 1882 Mapadre waliona hapakaliki, wakapanda mitumbwi wakavuka kuja kusini pamoja na watoto waliokuwa wanawalea. Ndipo Bukumbi ikazaliwa. Sehemu yenyewe ilikuwa na maana, uko kando ya maji ambayo yanakufikisha Buganda, na nyuma yako una njia ya misafara kwenda Tabora hadi pwani. Barua, nguo, dawa, habari, vyote vilipita humo.

Mutesa alifariki 1884, mwaka uliofuata mwanae Mwanga akawakaribisha Mapadre warudi. Lakini Bukumbi haikufungwa, ikabaki kama nyumba ya nyuma, na ilikuja kuokoa watu, soma swali la 7.

6. Wakristo wa kwanza Bukumbi walikuwa akina nani? Wasukuma?

Wengi hawakuwa Wasukuma, na hapa ndipo historia zetu nyingi zinapita kimya kimya. Wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Misafara ya pembe na watumwa ilikuwa inapita nchi hii, Mapadre walikuwa wanawanunua watoto kutoka kwa wafanyabiashara, wanawaachia huru na kuwalea misheni. Watoto ambao hata walikotoka wengine hawakumbuki, wamekua hapo, wakafundishwa kusoma, kulima, kujenga, wakaoana hapo hapo. Wa pili ni Waganda, kwanza waliokuja na Mapadre na baadaye wakimbizi.

Wasukuma wenyewe walikwenda pole pole. Walikuwa na watemi wao, mizimu ya mababu, waganga wao, maisha yamekamilika, sasa mgeni anakuja anakwambia uache mke wa pili na usubiri miaka minne, si rahisi. Waliowaleta hasa ni makatekista, watu wa hapa hapa wanaojua kuongea na mzee chini ya mti. Padre alikuwa anafika kigango mara chache, katekista ndiye alikaa, akafundisha, akazika, akasuluhisha ugomvi. Ukiangalia picha za zamani ukutani kwenye nyumba ya Mapadre utaona ndevu za Wazungu wenye majina, na pembeni wamesimama makatekista hawana majina. Mimi naona hilo ni deni letu sisi, si lao, kwa sababu wajukuu zao tuko nao kanisani kila Jumapili na hatujawauliza.

7. Ni kweli Kabaka Mwanga aliwahi kukimbilia Bukumbi?

Ni kweli. Watu wanashangaa kwa sababu Mwanga ndiye yule yule aliyeamuru kuuawa mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Sasa 1888 mambo yakamgeukia, akapinduliwa mwezi Septemba, akatoroka kwa mtumbwi kuja kusini mwa ziwa. Kwanza aliangukia Magu kwa Waarabu, hawakumtendea vizuri, ndipo akaenda kuomba hifadhi kwa Mapadre Bukumbi, nao wakampokea.

Ndani ya wiki hizo hizo wamisionari wenyewe walifukuzwa Buganda, Wakatoliki na Waanglikana, wakawekwa boti moja na katikati ya ziwa kiboko akaitoboa. Kwa hiyo fikiria hali ilivyokuwa Bukumbi mwishoni mwa 1888 na mwaka uliofuata, Mapadre waliofukuzwa wako hapo, Wakristo wakimbizi wako hapo, na mfalme aliyewaua ndugu zao naye yuko hapo anakula kwao. Wapo walioona ni vigumu, lakini alipokelewa. Mwaka 1889 Wakristo wa Buganda walijipanga, mfanyabiashara Charles Stokes akasaidia kwa boti na silaha, Mwanga akarudi kwenye kiti chake.

Kila tarehe 3 Juni tunasherehekea mashahidi na mabasi yanajaa kwenda Namugongo, ni vizuri sana, ila mahubiri yanayotaja Bukumbi siku hiyo ni machache mno na sielewi kwa nini.

8. Nasikia kuna askofu aliwekwa wakfu hapo, ni nani?

Jean-Joseph Hirth, tarehe 25 Mei 1890. Aliyemweka wakfu ni Livinhac, ambaye alikuwa ndiye askofu wa kwanza wa Nyanza lakini shirika lilishamchagua kuwa mkuu wake kule Algiers, ikabidi apatikane wa kumrithi kabla hajaondoka. Ibada kubwa namna hiyo, ya askofu kumpa mwenzake uaskofu, ikafanyika Bukumbi na si mji wowote.

Hirth huyo huyo ndiye baadaye alianzisha Kashozi kule Bukoba (1892) na Save kule Rwanda (1900). Ukichora mti wa parokia za kanda ya ziwa hadi Rwanda, matawi mengi yanarudi kwenye mkono wa mtu aliyepata uaskofu wake kando ya Ghuba ya Mwanza.

9. Na Waprotestanti je? Si walifika kabla?

Ndio, walifika kabla. Waanglikana wa CMS (shirika la kimisionari la Uingereza) walikuwa Kageye tangu 1877, karibu miaka miwili kabla ya Mapadre, na walizika wenzao mapema sana, Dakta John Smith alifia huko Mei 1877 na wawili wengine waliuawa Ukerewe Desemba mwaka huo huo. Alexander Mackay alifariki Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890. Walikuwa na kituo Nasa ambacho mwaka 1909 kilichukuliwa na AIM (Africa Inland Mission), na kutoka hapo ndipo lilipokua kanisa la AIC (Africa Inland Church) ambalo kila mtu wa Mwanza analijua.

Huko Buganda hawa watu walipigana hadi kwa bunduki, hilo halifichiki. Lakini huku kusini walipokuwa wageni na wagonjwa wote walisaidiana, waliuziana vitu, walipeana dawa. Familia nyingi Mwanza leo baba AIC, mama Mkatoliki, shangazi Msabato, na misiba tunakaa turubai moja.

## Kutoka Bukumbi kwenda makanisa mengine

10. Jimbo la Mwanza lilikuaje kutoka hapo?

Kwa kifupi. Vikarieti ya Nyanza (vikarieti ni eneo la misheni lenye askofu wake kabla halijawa jimbo) ilianza 1883 ikiwa moja kuzunguka ziwa. Mwaka 1894 ikagawanywa, sisi tukawa Nyanza Kusini chini ya Hirth. Mwaka 1929 Bukoba ikajitegemea na upande huu ukaanza kuitwa Vikarieti ya Mwanza. Jimbo kamili ni 1953, Jimbo Kuu ni Novemba 1987. Njiani kote likawa linazaa: Shinyanga (ambayo kwanza iliitwa Maswa) miaka ya 1950, Musoma 1957, Geita 1984, Bunda 2010. Kanisa kuu liko Bugando.

11. Kwa nini Bukumbi haikubaki makao makuu?

Kwa sababu boma, bandari na baadaye reli vilienda kwingine. Kanisa likawafuata watu, watu wakafuata kazi. Parokia za mjini kama Nyakahoja na nyinginezo zikakua kwa wafanyakazi wa reli, makarani, wafanyabiashara, wanafunzi, na Bukumbi ikabaki na wakulima, wavuvi, shule na wagonjwa. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo iliyolinda kumbukumbu zake, kwa sababu sehemu ambayo haikuvunjwa kila miaka kumi kujengwa upya inabaki na makaburi yake, miti yake na koo zake.

12. Mapadre wazalendo walianza lini?

Tarehe 15 Agosti 1917 walipewa upadre wanne kwa mpigo, wa kwanza Tanzania, wote matunda ya vikarieti yetu na seminari ya Rubya. Wanne hao ni Celestine Kipanda, Angelo Mwirabure, Oscar Kyakaraba na Wilbard Mupapi. Angalia tarehe, ni katikati ya Vita vya Kwanza, Waingereza walishaingia Mwanza mwaka mmoja nyuma. Mwaka 2017 Kanisa la Tanzania liliadhimisha miaka 100 ya tukio hilo.

13. Kanisa la Bujora mbona la duara, ni la Kikatoliki kweli?

Ni la Kikatoliki, ni parokia kama parokia nyingine. Bujora iko Kisesa, barabara ya Musoma ukishapita Igoma, na sasa hivi Kisesa nayo imeshakuwa mji. Padre David Clement, Mkanada wa shirika lile lile la Mapadre Weupe, alianza kazi pale miaka ya 1950 na alikuwa na wazo ambalo wakati huo wengi hawakulielewa: kwa nini Msukuma akiingia kanisani aonekane ameingia nyumba ya mgeni? Akajenga kanisa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, altare ina sura ya kiti cha mtemi. Maana kwa Msukuma hakuna haja ya kumweleza sana, ukiona kiti kile unajua umefika mbele ya nani.

Pembeni yake yakajengwa makumbusho ya Wasukuma, ngoma za watemi zipo, nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, vifaa vya vyama vya ngoma. Na haya yote yalianza kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962 hadi 1965) kuruhusu mambo mengi. Askofu wa wakati huo, Joseph Blomjous, alikuwa mtu wa upeo mpana, bila askofu wa namna hiyo padre wa kijijini asingefika mbali.

Kwangu Bukumbi na Bujora ni historia moja kwa sehemu mbili. Bukumbi mgeni alikuja akamwambia mwenyeji njoo kwangu ujifunze, Bujora baada ya miaka sabini hivi mgeni amekaa chini anajifunza kwa mwenyeji.

14. Bulabo ni ya kanisa au ni ngoma za kienyeji?

Vyote. Ni sikukuu ya Ekaristi Takatifu, mwezi wa sita, kuna maandamano ya Ekaristi na maua, na baadaye mashindano ya ngoma Bujora. Yanakutana makundi mawili makubwa, Bagika na Bagalu, yaliyotokana na mahasimu wawili wa zamani, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alikuwa anajisifu ana dawa na ngoma kali kuliko mwenzake. Utaona ngoma ya bugobogobo na majembe yake, utaona watu wanaocheza na nyoka. Ukitaka kwenda nenda mapema, usipofika asubuhi utakuwa unaona migongo ya watu tu.

15. Shule na hospitali za Bukumbi zilitokana na parokia?

Ndio. Hospitali ya Bukumbi, sekondari ya wasichana, na makazi ya wazee na walioathirika na ukoma vyote vinatajwa pamoja na misheni na ndivyo vilivyofanya jina Bukumbi lijulikane hata kwa wasio Wakristo. Mzee wa Kiislamu wa Sengerema anaweza asijue paroko ni nani ila atakwambia mwanae alizaliwa Bukumbi.

## Maswali ya mtu mmoja mmoja

16. Naandika historia ya kigango chetu, nianzie wapi?

Anza na watu wazima kabla ya makaratasi, kwa sababu karatasi itasubiri. Tafuta watoto na wajukuu wa makatekista (swali la 6), waulize nani alifundisha, walisali wapi kabla ya kanisa kujengwa, kiwanja alitoa nani, tofali zilichomwa na nani, akina mama walibeba maji kutoka wapi. Rekodi kwa simu, andika jina la anayeongea na tarehe. Uliza kwa Kisukuma kama mzee yuko huru zaidi kwa Kisukuma, usimlazimishe Kiswahili ukapata nusu ya habari.

Halafu nenda ofisi ya parokia. Halafu ndio shajara, zile nilizosema kwenye swali la 4, Mapadre waliandika karibu kila siku, mvua, wagonjwa, wageni, ugomvi na mtemi. Nakala ziko kwenye nyaraka za shirika huko Roma, kwa Kifaransa. Ni hazina, ila kumbuka ameandika mgeni, anaona anachokiona yeye. Padre akiandika "leo watu hawakuja mafundisho, wavivu", bibi yako angekwambia ilikuwa ni wiki ya kupanda.

17. Nilibatizwa kigangoni, sasa kigango kimekuwa parokia. Cheti changu nakipata wapi?

Kawaida daftari linabaki parokia mama, yaani ile iliyokuwa inakihudumia kigango siku uliyobatizwa. Parokia mpya inaanza daftari jipya. Kwa hiyo usisumbuke kwenye parokia mpya, muulize mzazi ulibatizwa mwaka gani na wakati huo kigango kilikuwa chini ya nani, nenda huko. Kama ni kwa ajili ya ndoa watakutaka cheti kilichotolewa karibuni, sio kile cha zamani cha kukunjwa nne, kwa sababu kwenye daftari ndipo wanaandika pia kipaimara na ndoa na wanataka kuona hakuna ndoa nyingine.

18. Jina la babu kwenye daftari ni tofauti na tunalolijua, ni yeye kweli?

Inawezekana sana ni yeye. Madaftari ya zamani yaliandikwa Kilatini, Yohana utamkuta Joannes, Yosefu ni Josephus. Jina la Kisukuma nalo liliandikwa na Mfaransa au Mholanzi kwa jinsi alivyosikia, na babu mwenyewe pengine wakati huo alitumia jina la utotoni na baadaye akatumia la baba yake. Usiangalie jina peke yake, linganisha mzazi, kijiji, msimamizi wa ubatizo na mwaka. Vitatu vikikubaliana mwambie katibu wa parokia akusaidie kusoma mstari mzima, usipige picha daftari kwa kujiiba maana humo kuna siri za familia za watu wengine.

19. Ukoo wetu hauna kabila tunalolijua, tunaambiwa tu "ni watu wa misheni". Maana yake nini?

Rudi swali la 6. Kuna uwezekano mkubwa mnatokana na wale watoto waliokombolewa, au na wakimbizi wa Buganda. Wazee wengine walificha kwa sababu kuitwa mtoto wa mtumwa ilikuwa tusi, wakachukua ukoo wa jirani, wakawa Wasukuma, na ni Wasukuma kweli kwa sasa. Nenda taratibu na bibi, usimuulize mbele ya watu. Muulize tu bibi, mama yake alikuwa anaimba wimbo gani akimbembeleza mtoto, na kwa lugha gani.